Skuli ya serikali au skuli binafsi? Ulinganisho kwa mzazi wa Mjini Unguja

Kila mwaka mpya wa masomo unapokaribia, mazungumzo ya barazani kuanzia Kikwajuni hadi Mwanakwerekwe huwa ni hayo kwa hayo: mtoto umpeleke wapi? Mmoja atakwambia skuli ya serikali mtoto anapotea kwenye wingi wa watu. Mwengine atakwambia hizi binafsi ni biashara tu, unalipia sare na gari. Kila mmoja ana mtoto wa jirani wa kutolea mfano. Mzazi aliyekwenda kuomba ushauri anarudi nyumbani na wasiwasi ule ule aliotoka nao.

Nimesomesha pande zote mbili, na nyumbani kwetu watoto wamepita pande zote mbili. Nilichojifunza ni kwamba neno "serikali" au "binafsi" kwenye ubao wa skuli linakueleza machache sana. La kuangalia ni siku ya mtoto inavyokwenda: anaamka saa ngapi, anakaa na wangapi darasani, anamfahamu mwalimu anaposema, chuo cha Qur'ani anakwenda saa ngapi, na usiku nani nyumbani anafungua daftari lake. Ukilishika hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi kidogo.

Tunalinganisha nini hasa

Baada ya Mapinduzi ya 1964 skuli zote za Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya serikali, na tarehe 23 Septemba mwaka huo Mzee Abeid Amani Karume akatangaza elimu bila malipo. Wazazi wetu na bibi zetu hawakuwa na suala hili. Mtoto alikwenda skuli ya mtaani kwao, basi. Skuli binafsi zilirejea miaka ya 1990, na leo ukipita Mpendae, Kiembesamaki, Fuoni au Tomondo huendi mbali kabla hujaona ubao wa skuli ya maandalizi na msingi umepachikwa kwenye ukuta wa nyumba.

Hizo binafsi nazo hazifanani. Ziko kubwa zenye kiwanja, maabara ya kompyuta na magari yao wenyewe. Ziko za Kiislamu, ambazo zinaweka Qur'ani na Kiarabu ndani ya ratiba ya asubuhi. Na ziko ndogo, zilizoanzia kwenye nyumba ya mtu, vyumba vinne na ua, ambazo zinategemea sana juhudi za mwenyewe mwenye skuli. Za kimataifa zinazofuata mitaala ya nje sizigusi hapa, maana ada zake ni za watu wengine kabisa.

Skuli za serikali pia haziko sawa. Katika miaka ya karibuni, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, zimejengwa skuli za ghorofa katika mitaa mingi, na mtoto anayesoma kwenye jengo jipya lenye madawati na vyoo vya kutosha hana hali moja na yule anayesoma kwenye banda la zamani mtaa wa pili.

Kwa mpango wa elimu wa Zanzibar, mtoto anasoma miaka 2 ya maandalizi na 6 ya msingi. Mitihani ya taifa ya darasa la nne na la sita inatungwa na Baraza la Mitihani Zanzibar, na watoto wa serikali na wa binafsi wote wanaikalia. Kwa hiyo tunalinganisha njia mbili zinazofika kwenye mlango mmoja.

Vipimo nitakavyotumia ni hivi: gharama ya safari nzima, wingi wa watoto na mikondo (zamu za asubuhi na mchana), lugha, walimu, chuo na dini, njia ya kwenda na kurudi, na kinachofuata baada ya darasa la sita. Nitavipima kwa pande zote mbili, ila sitavipa uzito sawa, kwa sababu kwa mtoto havina uzito sawa.

Gharama

Skuli ya serikali haina ada, na michango ya wazazi kwa elimu ya msingi ilifutwa mwaka 2015. Unabaki na sare, viatu, mkoba, madaftari na pesa ya skuli ya kila siku, ile ya ubuyu, barafu na kachori wakati wa mapumziko. Lakini kuna gharama moja ambayo wazazi wengi hawaihesabu, nayo ni tuisheni. Darasa likiwa na watoto wengi, mzazi anaona mtoto hafiki, anamtafutia mwalimu wa jioni. Inaanza pesa ndogo ya kila wiki. Akifika darasa la sita inakuwa kila siku pamoja na Jumamosi. Ukijumlisha mwaka mzima utakuta na wewe unalipa ada, ila umeilipa kwa vipande.

Skuli binafsi gharama yake iko wazi zaidi, lakini ada iliyoandikwa kwenye karatasi huwa si yote. Kuna fomu, sare inayouzwa na skuli yenyewe, vitabu, gari, mitihani ya majaribio, mahafali ya maandalizi yenye majoho na picha. Waombe wakuandikie yote. Kisha fanya hesabu ya miaka, usifanye ya mwezi mmoja. Tuseme, kwa mfano tu, ada ni shilingi 700,000 kwa mwaka, gari ni 40,000 kwa mwezi kwa miezi 10, na vitabu, sare na mengineyo ni 200,000. Hiyo ni 1,300,000 kwa mwaka. Kwa miaka 2 ya maandalizi na 6 ya msingi inafika 10,400,000 kwa mtoto mmoja, kabla ada haijapanda hata mara moja. Kama una watoto watatu ni 31,200,000.

Hesabu hiyo sikuiweka kumtisha mtu. Nimeiweka kwa sababu nimeyaona yanayomkuta mtoto pale pesa zinapokatika njiani. Asubuhi mwalimu anaingia na karatasi, anasoma majina ya wasiolipa, watoto wanatoka mmoja mmoja na mikoba mgongoni wanakwenda kujipanga ukumbini nje ya ofisi. Wa darasa la kwanza hajui anaitiwa nini. Wa darasa la tano anajua, anainamisha uso, na wenzake nao wanajua. Kama ni kuanza skuli binafsi halafu mtoto akawa anatolewa darasani kila muhula, bora angeanza serikali akasoma kwa utulivu tangu siku ya kwanza.

Wingi wa watoto na mikondo

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Karibu nusu ya Zanzibar imejibana kwenye kipande hiki, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakihamia viunga vya Magharibi A na Magharibi B kwa kasi kuliko skuli zinavyojengwa. Hapo ndipo ulipotoka msongamano. Lawama za walimu hazina nafasi kubwa hapa. Mwalimu mmoja mwenye watoto wengi kiasi kwamba wa nyuma wanamuona kama yuko ng'ambo ya bahari hawezi kusahihisha kila daftari kila siku, hata akiwa na moyo wa aina gani.

Lengo linalotajwa na serikali ni darasa lisizidi watoto 45 na skuli ziwe na mkondo mmoja. Baadhi zimeshafika huko. Nyengine bado zina mikondo miwili: wengine wanaingia asubuhi, wengine mchana. Mkondo wa mchana una shida yake ambayo haisemwi sana. Mtoto wa miaka saba amecheza tangu asubuhi, amekula chakula cha mchana, anaingia darasani saa saba juani, bati linawaka juu. Saa tisa macho yanafunga. Hapo anafundishwa kutoa kwa kukopa. Ukiandikisha mtoto serikali, suala la kwanza kuuliza ni mkondo, na la pili ni kama mikondo inabadilishana mwaka kwa mwaka au mtoto atabaki mchana muda wote.

Binafsi, madarasa kwa kawaida ni madogo na mkondo ni mmoja. Hiyo ni faida ya kweli, na kwa watoto wadogo ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina na anajua nani hajashika herufi. Ila usiridhike na neno "darasa dogo". Nenda ukahesabu. Skuli ikipata sifa mtaani watoto wanaongezwa, na chumba kilichokuwa cha kulala cha nyumba ya mtu, chenye dirisha moja, kikiwa na watoto 35 ni chumba kilichojaa.

Lugha

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoamulia, na hapa ndipo ningependa mtulie zaidi.

Skuli ya serikali inamfundisha mtoto kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo. Sera ya elimu ya 2006 ikaweka kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Matokeo yake kila mwalimu wa msingi ameyaona: mtoto aliyekuwa mjuzi wa kugawanya darasa la nne, darasa la tano ananyamaza. Hesabu ni zile zile, lakini lugha imegeuka, na Kiingereza alichokipata cha vipindi vichache kwa wiki hakimtoshi kusoma fumbo la hesabu la mistari mitatu. Mzazi wa serikali ana kazi ya kufanya kati ya darasa la pili na la nne: vitabu vyepesi vya hadithi za Kiingereza nyumbani, dakika chache kila siku, ili ile darasa la tano isimkute mikono mitupu. Ukiwa unafikiria tuisheni, ipeleke hapo mapema kuliko kungojea darasa la sita.

Skuli binafsi nyingi zinafundisha kwa Kiingereza tangu maandalizi, na jirani akisikia mtoto wa miaka mitano anahesabu na kuimba kwa Kiingereza anaona pesa imefanya kazi. Wakati mwengine imefanya kweli. Lakini nakumbuka daftari moja la mtoto wa darasa la pili: mwandiko umenyooka, kila mstari una alama ya tiki, na sentensi za Kiingereza zisizo na kosa hata moja kuhusu ng'ombe, maziwa na shamba. Nikamwambia anisomee, akasoma vizuri sana. Nikamuuliza kwa Kiswahili, haya, huyu mnyama anatupa nini? Akaangalia ubao. Alikuwa amenakili ukurasa mzima bila kuelewa neno. Na kwa vile madaftari yalikuwa mazuri, nyumbani hakuna aliyekuwa na habari.

Kwa hiyo kwenye skuli ya Kiingereza kuna mambo mawili ya kupima. La kwanza ni Kiingereza cha mwalimu mwenyewe: zungumza naye dakika tano, hata kama chako ni cha kuombea maji utasikia kama anababaika. La pili ni Kiswahili cha mtoto. Ziko skuli zinazomwadhibu mtoto akisema Kiswahili uwanjani, na mimi hilo silikubali hata kidogo. Mtoto wa Unguja anayefika darasa la nne hawezi kuandika barua ya Kiswahili ya nusu ukurasa kwa bibi yake wa Makunduchi amepungukiwa, na wala Kiingereza chake hakitakuwa imara, kwa sababu hana lugha hata moja aliyoizamia.

Kipimo chepesi kwa skuli yoyote, ya pande zote mbili: tafuta mtoto wa darasa la tatu anayesoma hapo, mpe aya fupi asome kimya, kisha akuhadithie kwa maneno yake, kwa lugha anayotaka yeye. Akikuhadithia, skuli ile inafundisha.

Walimu

Serikali inaajiri walimu waliosomea ualimu, na ajira yao ni ya kudumu. Mwalimu anakaa, anajulikana mtaani, amemsomesha baba wa mtoto na sasa anamsomesha mtoto. Upungufu wake ni kwamba skuli za mjini na za viunga hazina uwiano: mahali pengine pana walimu wengi wa dini na Kiswahili na hakuna wa sayansi, na mwalimu asiyejituma ni vigumu kumwondoa.

Binafsi, mwenye skuli akiona mwalimu hafundishi anamwondoa wiki ile ile. Hiyo inaweka nidhamu ya kuhudhuria, na mara nyingi utakuta walimu wote wako madarasani. Lakini wengine ni vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita, hawajasomea ualimu, na mishahara yao ni midogo. Zaidi ya hapo, ajira za serikali zikitangazwa wanaondoka kwa mkupuo, na mtoto anabadilishiwa mwalimu katikati ya muhula mara mbili, tatu. Uliza hivi: mwalimu wa darasa la kwanza amekaa hapa muda gani? Wakikutajia mtu aliyeingia juzi, waulize aliyekuwepo kabla yake alikaa muda gani.

Na bakora uliza pande zote. Usione haya kuuliza wanaadhibu vipi, nani anaruhusiwa kupiga na kwa kosa gani. Jibu la kukwepakwepa linatosha kuwa jibu.

Chuo na dini

Kwa familia nyingi za hapa, suala la skuli haliwezi kutenganishwa na suala la chuo. Mtoto lazima asome Qur'ani, na saa za siku ni zile zile.

Skuli ya serikali ina somo la dini ya Kiislamu na Kiarabu kwenye ratiba, lakini kusoma juzuu kwa juzuu mbele ya maalim ni kazi ya chuo cha mtaani. Kwa mtoto wa mkondo wa asubuhi inakwenda vizuri: skuli, chakula, kupumzika, chuo baada ya alasiri. Wa mkondo wa mchana anakwenda chuo asubuhi, na kwa kweli wengine wanasoma vizuri zaidi asubuhi hiyo kuliko wenzao wa jioni.

Mtoto wa binafsi anayetoka saa nane au tisa na kufika nyumbani saa kumi ana shida. Chuo kinamngoja, kazi za nyumbani zinamngoja, na mwili umechoka. Wengine wanasukumwa chuo cha baina ya magharibi na isha, wanasinzia juu ya msahafu. Hapo ndipo skuli za Kiislamu zinapopata wateja wake, kwa sababu zinafanya mambo mawili chini ya paa moja. Kama unaifikiria moja ya hizo, omba ratiba ya wiki uone hisabati na kusoma vimebakiwa na vipindi vingapi, na uone mtoto wa pale aliyefika darasa la nne amehifadhi kiasi gani. Zote mbili zinapimika. Waulize pia ratiba yao ya mwezi wa Ramadhani kabla hujapanga yako.

Njia

Skuli ya serikali kwa kawaida iko mtaani. Mtoto anakwenda kwa miguu na wenzake, anarudi kula nyumbani, na akiumwa kichwa utaitwa ufike kwa dakika kumi. Hatari iko kwenye kuvuka barabara kubwa, kama ya Amani au ile ya Mwanakwerekwe, pikipiki na daladala zikipishana bila huruma. Tembea njia hiyo wewe mwenyewe saa moja kasorobo asubuhi kabla ya kuamua.

Binafsi, mara nyingi ni gari. Gari linapita mapema kwa sababu linazunguka kukusanya watoto, kwa hiyo anayepandishwa wa kwanza anaamka alfajiri na kukaa kitini zaidi ya saa nzima. Uliza mtoto wako atakuwa wa ngapi kwenye mzunguko, gari linabeba wangapi, na kama yuko mtu mzima mwengine zaidi ya dereva. Skuli ya kawaida iliyo karibu inaweza kumfaa mtoto wa miaka minne kuliko nzuri ya mbali. Akifika darasa la nne ni habari nyengine.

Baada ya darasa la sita

Wazazi wengi wanaota mtoto achaguliwe michipuo, yaani madarasa maalumu ya waliofaulu vizuri, au aje aonekane kwenye skuli za sekondari za Lumumba au Ben Bella. Mtihani wa darasa la sita ndio unaochuja, na kwenye orodha za waliochaguliwa utakuta watoto wa serikali na wa binafsi. Ukiangalia matokeo ya skuli, usiangalie waliofaulu sana peke yao. Waliosajiliwa darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliokalia mtihani wa darasa la sita wangapi? Skuli inayowaondoa watoto dhaifu njiani itakuwa na matokeo mazuri kila mwaka. Tofauti na hapo, mtoto wa binafsi akitaka kuendelea binafsi hadi kidato cha nne, ile hesabu ya gharama ina miaka mingine minne mbele yake.

Nani aende wapi, kwa hali ya nyumba

Kama kipato cha nyumbani kinapanda na kushuka, kwa mfano baba yuko hotelini na msimu wa masika kazi inalala na mshahara unakatwa, skuli ya serikali ndiyo salama. Ile pesa uliyokuwa tayari kulipa ada iweke pembeni, nunua vitabu, mlipie mwalimu mzuri wa Kiingereza na hesabu kuanzia darasa la tatu. Mtoto huyo anaweza kufika pale pale.

Kama baba na mama wote wako kazini hadi jioni na hakuna bibi wala shangazi nyumbani, mkondo wa mchana wa serikali ni mtihani mkubwa, maana asubuhi nzima mtoto yuko peke yake mtaani. Hapo binafsi yenye siku ndefu, au serikali ya mkondo mmoja, inaondoa wasiwasi.

Kama mtoto ni mpole, mzito wa kusema, au amechelewa kushika herufi, mtafutie darasa dogo kwa miaka ya mwanzo, hata kama ni kwa kujinyima. Miaka miwili ya maandalizi na darasa la kwanza na la pili ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Baadaye akihamia serikali akiwa anajua kusoma, anasimama mwenyewe.

Kama mtoto ana ulemavu au anajifunza kwa namna tofauti, anza na skuli za serikali. Wizara ina kitengo cha elimu mjumuisho, na ziko skuli zenye walimu waliopata mafunzo hayo. Baadhi ya skuli binafsi zitakupokea kwa maneno mazuri na baada ya muhula mmoja zikuite ofisini kukwambia hawamuwezi. Ziko nyengine zinazojitolea kwelikweli, ila zitake zikuonyeshe mtoto mwengine wa hali hiyo waliyenaye.

Kama una watoto kadhaa, usimpeleke mmoja binafsi na wengine serikali kwa sababu tu pesa imetosha mmoja. Watoto wanalihesabu hilo maisha yao yote. Kama hali zao zinatofautiana kweli, mmoja anahitaji darasa dogo na mwengine anajitegemea, waelezeni wote kwa nini, kwa maneno wanayoyafahamu.

Kama lengo la kwanza la nyumba ni hifdhi ya Qur'ani, linganisha skuli ya Kiislamu na njia ya serikali ya asubuhi pamoja na chuo kizuri cha mtaani. Mtaa wenye maalim hodari haulazimiki kulipa ada ya mahali pengine.

Na kama hakuna mtu nyumbani wa kufungua daftari usiku, kwa sababu ya kazi au kwa sababu hamkusoma sana, skuli yoyote mtakayochagua iwe ile ambayo mwalimu yuko tayari kuonana nanyi. Nendeni mkaulize kabla ya kuandikisha: nikitaka kujua maendeleo ya mwanangu, nije siku gani, nimuone nani? Ziko skuli za serikali ambazo mwalimu mkuu atakutajia siku na saa papo hapo, na ziko binafsi ambazo utaambiwa ungojee ripoti ya mwisho wa muhula.

Mkishaamua

Skuli binafsi iwe imesajiliwa. Ombeni kuona cheti, na mkiwa na shaka ulizeni kwa Mrajis wa Elimu. Skuli isiyosajiliwa itawaletea taabu ya namba za mtihani mtoto akifika darasa la nne, na wakati huo kuhama ni tabu.

Kwa skuli ya serikali, nendeni mapema kipindi cha uandikishaji mkiwa na cheti cha kuzaliwa, na muulize habari ya mkondo siku hiyo hiyo, kwani mkondo wa asubuhi hujaa kwanza.

Mkitaka kumhamisha baadaye, anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza ahamie kabla ya darasa la tatu, au skuli impe muhula mzima wa kumsaidia lugha. Anayetoka Kiingereza kwenda serikali ahame mwisho wa mwaka, na likizo nzima asome na kuandika Kiswahili kila siku. Kuhama mwanzoni mwa darasa la tano au la sita kuepukeni pande zote mbili kama inawezekana, maana mtihani uko karibu na mtoto atakuwa bado anajifunza majina ya wenzake. Chukueni barua ya uhamisho na ripoti zote mkononi kabla ya kulipa pahala papya, kwa sababu skuli inayodai salio la ada inaweza kuzizuia karatasi hizo hadi mtoto akapoteza wiki za mwanzo za masomo.